Bega Linapouma: Uwezo na Mipaka ya Vipimo vya Mikono ya Tabibu

Katika delta ya mto Rufiji kazi nyingi hutegemea bega. Mtumbwi huendeshwa kwa kafi au kwa pondo. Mpunga hulimwa kwa jembe, huvunwa kwa mkono na kutwangwa kwa mchi. Boriti za mikoko, ambazo kwa karne nyingi zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, zilikatwa kwa shoka na kutolewa matopeni zikiwa begani mwa watu; na hata leo mzigo usio na gari huchukuliwa begani, pengine kwa mzegazega. Si ajabu basi kwamba mtu wa Salale, Msala au Mbwera aendapo zahanati, mara nyingine hana homa wala jeraha, bali amekwenda kueleza kwamba mkono haupandi, au kwamba usiku hawezi kulalia upande mmoja.

Tabibu anayempokea hana mashine ya kuona ndani ya bega. Anayo masikio ya kusikiliza maelezo, na anayo mikono. Huushika mkono wa mgonjwa, huuinua, huuzungusha, huusukuma chini na kumwambia mgonjwa auzuie. Kisha huuliza kama panauma. Vitendo hivyo si vya kubahatisha. Kila kimoja kina jina, kina mwanzilishi, na kimeandikwa vitabuni kuwa ni kipimo cha kasoro fulani. Makala haya yanachunguza swali moja tu: je, jibu la vipimo hivyo ni la kweli kwa kiasi gani?

Swali hilo lina uzito kwa mgonjwa. Tabibu akisema kwamba kano imekatika, mgonjwa wa delta ataanza safari: kwa mashua hadi Nyamisati, kwa gari hadi Kibiti, na kutoka hapo zaidi ya kilomita 100 hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Nauli itatoka, siku za kazi zitapotea, na ikiwa ni wakati wa kupanda, pengine msimu wote wa mpunga utakwenda. Kwa upande mwingine, tabibu akisema kwamba ni uchovu tu, kumbe kano imekatika kweli baada ya mtu kuanguka, miezi hupita, na msuli uliokosa kazi hunywea na nafasi yake kuanza kushikwa na mafuta. Msuli uliofikia hali hiyo haurudishiki kwa urahisi hata kano ikishonwa.

UMBO LA BEGA

Kiungo cha nyonga kimejengwa kwa uthabiti: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe. Bega halikujengwa hivyo. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni kikubwa, na mahali kinapoegemea, penye kombe la bega, ni padogo na pana kina kidogo sana, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Faida yake ni kwamba mkono wa binadamu huweza kuzunguka pande zote. Hasara yake ni kwamba uthabiti wa kiungo hautokani na mifupa, bali na nyama na kano zinazokizunguka.

Walinzi wakuu wa kiungo hicho ni misuli minne itokayo kwenye kombe la bega. Kano zake hukutana na kukivaa kichwa cha mfupa kama kofia; ndiyo sababu katika makala haya zitaitwa kofia ya kano. Juu ya kofia hiyo upo mfupa ambao kila mtu anaweza kuugusa kwa kidole juu ya bega lake, mahali mtulinga unapokutana na kombe la bega. Kati ya mfupa huo na kofia ya kano pana nafasi nyembamba yenye kifuko cha ute kinachopunguza msuguano. Aidha, kisahani chenyewe kimezungukwa na ukingo wa gegedu unaokiongezea kina.

Msomaji ataona mara moja ugumu ulipo. Viungo hivi vyote vimerundikana katika eneo lisilozidi kiganja cha mkono, na hakuna mwendo wa mkono unaogusa kimoja na kukiacha kingine. Mtu akiuinua mkono na kuumia, huenda inayouma ni kano, au kifuko cha ute, au ukingo wa gegedu, au maungio ya mtulinga. Kipimo kinachodai kuitambua kano moja peke yake kinadai jambo kubwa.

WAVU NA SAMAKI

Kila kipimo cha ugonjwa yafaa kiulizwe maswali mawili. La kwanza: katika kila watu 100 wenye ugonjwa, kipimo kitawakamata wangapi? Hesabu hiyo huitwa unyeti. La pili: katika kila watu 100 wasio na ugonjwa huo, kipimo kitawaachia huru wangapi? Hesabu hiyo huitwa umahususi. Maana ya istilahi hizi mbili katika upimaji wa magonjwa iliwekwa bayana na mtaalamu wa takwimu Jacob Yerushalmy, nchini Marekani, mwaka 1947, alipokuwa akichunguza jinsi madaktari walivyotofautiana katika kusoma picha za eksirei za kifua.

Wavuvi wa kamba katika milango ya Rufiji wanalijua jambo hili bila istilahi. Wavu wenye matundu madogo hauwaachi kamba wapite, lakini huvua pia vidagaa, majani na takataka. Huo una unyeti mkubwa na umahususi mdogo. Jarife lenye matundu mapana halishiki takataka. Kilichonasa humo bila shaka ni samaki mkubwa, ila wadogo wote wamepita. Huo una umahususi mkubwa na unyeti mdogo. Hakuna haja ya kuuliza ni wavu upi ulio bora kabla ya kujua mvuvi anataka nini.

Kuna kanuni moja nyepesi ambayo mwanafunzi aweza kuitumia mara moja. Jumlisha unyeti na umahususi. Ikiwa jumla ni asilimia 200, kipimo hakikosei kamwe. Ikiwa jumla ni asilimia 100, kipimo hicho hakina tofauti na kurusha sarafu, hata kama tarakimu mojawapo inaonekana kubwa.

RUFIJI NA PUMZI ZA WATOTO

Asidhani mtu kwamba kipimo kisichotumia mashine ni lazima kiwe dhaifu. Rufiji yenyewe ina mfano wa kinyume chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Papua New Guinea, daktari Frank Shann na wenzake walionyesha kwamba homa ya mapafu kwa mtoto mwenye kikohozi huweza kutambuliwa kwa kuhesabu pumzi zake kwa dakika moja, bila hata kutumia chombo cha kusikilizia kifua. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayokumbukika kwa urahisi: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi asiyetimiza miaka 5.

Utaratibu huo uliingizwa katika mpango wa udhibiti wa pamoja wa magonjwa ya watoto, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilikuwa miongoni mwa za kwanza kuutumia nchini Tanzania. Kibiti wakati huo ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Rufiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulizilinganisha wilaya hizo mbili na wilaya za Kilombero na Ulanga ambazo hazikuwa zimeuanza mpango. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika Rufiji na Morogoro Vijijini. Ni kweli kwamba kwa kanuni za takwimu tofauti hiyo peke yake haikutosha kuondoa kabisa uwezekano wa bahati. Hata hivyo huduma yenyewe, ilipopimwa, ilionekana kuwa bora zaidi, na gharama yake haikuwa kubwa kuliko ya kwingineko.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa katika saa ya kuhesabia pumzi. Kwanza, mpaka wa pumzi uliwekwa kwa makusudi ili watoto wengi wagonjwa wasipite katika matundu ya wavu, hata kama baadhi ya wasio na homa ya mapafu wangepewa dawa. Pili, kilichotafutwa kilijulikana wazi. Tatu, hatua ya kuchukua baada ya jibu ilikuwa imeamuliwa mapema. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana kwenye vipimo vingi vya bega.

TARAKIMU ZILIZOSHUKA

Mwaka 1972 daktari Charles Neer wa New York aliandika kwamba maumivu mengi ya bega husababishwa na kofia ya kano kubanwa na mfupa ulio juu yake. Kutokana na wazo hilo vilipatikana vipimo viwili maarufu. Katika kipimo cha Neer, tabibu hulizuia kombe la bega kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili huuinua mkono wa mgonjwa mbele hadi juu kabisa. Katika kile cha Hawkins na Kennedy, kilichochapishwa mwaka 1980, mkono huinuliwa mbele hadi usawa wa bega, kiwiko hukunjwa kwa pembe mraba, kisha mkono huzungushwa kwa ndani. Katika vyote viwili, maumivu huhesabiwa kuwa jibu la ndiyo.

Mwaka 2012 Eric Hegedus na wenzake walizijumlisha tafiti zilizokuwa zimefanywa katika nchi mbalimbali. Kipimo cha Neer kilipata unyeti wa asilimia 72 na umahususi wa asilimia 60. Cha Hawkins na Kennedy kilipata 80 na 56. Msomaji akijumlisha ataona 132 na 136. Vipimo hivi si bure, lakini viko karibu zaidi na sarafu kuliko na ukweli.

Kisa cha kipimo kingine kinafundisha zaidi. Mwaka 1998 daktari Stephen O'Brien na wenzake, pia wa New York, walitangaza kipimo cha kutambua kuchanika kwa ukingo wa gegedu. Mgonjwa hunyoosha mkono mbele, huuleta kidogo upande wa ndani, hugeuza dole gumba chini, na kuuzuia mkono usishushwe na tabibu. Kisha hurudia huku kiganja kikitazama juu. Ikiwa maumivu ya ndani ya bega yalikuwepo mara ya kwanza na yakapungua mara ya pili, jibu ni ndiyo. Taarifa ya wavumbuzi ilisema kwamba unyeti ni asilimia 100 na umahususi ni asilimia 98.5. Ni nadra sana kuona tarakimu kama hizo katika tiba ya aina yoyote. Watu wengine walipokirudia kipimo hicho hawakuzipata. Katika mjumlisho wa mwaka 2012 unyeti wake ulikuwa asilimia 67 na umahususi asilimia 37. Jumla ni 104.

Hapana sababu ya kudhani kwamba wavumbuzi walidanganya. Zipo njia kadhaa ambazo kwazo mtafiti mwaminifu hupata tarakimu kubwa mno, na hizo zafaa kujulikana na kila anayesoma sayansi.

Njia ya kwanza yatokana na kipimo cha rejea. Ili kujua kama mikono ya tabibu imesema kweli, lazima bega lichunguzwe kwa njia iliyo thabiti zaidi, na kwa kawaida njia hiyo ilikuwa upasuaji au kamera nyembamba iingizwayo ndani ya kiungo. Lakini nani hupasuliwa? Hupasuliwa yule ambaye vipimo vya mikono vimekwisha kusema kwamba ana kasoro. Aliyepewa jibu la hapana hurudi nyumbani, na kama jibu lilikuwa la uongo hakuna atakayejua. Huko ni kuupima wavu kwa kuhesabu samaki walionaswa peke yao: wavu wowote utaonekana haukosi samaki.

Njia ya pili yatokana na watu waliochaguliwa. Kulinganisha wanamichezo walioumia vibaya na vijana wenye mabega mazima ni rahisi, na kipimo chochote kitang'ara. Kazi ngumu ni kutofautisha mwenye kano iliyokatika na mwenye bega linalouma kwa sababu nyingine, na wote wawili wameketi kwenye benchi moja wakisubiri zamu.

Njia ya tatu ni ya kina zaidi, nayo yahusu kipimo cha rejea chenyewe. Mwaka 1995 Jerry Sher na wenzake waliyapiga picha za sumaku mabega ya watu 96 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Asilimia 34 kati yao walionekana kuwa na kano zilizochanika, ama kwa sehemu ama kabisa. Na miongoni mwa waliopita umri wa miaka 60 ilikuwa asilimia 54. Ndiyo kusema, katika umri huo kano iliyochanika ni jambo la kawaida kama mvi. Mzee wa miaka 65 anayeumwa bega akipigwa picha na kano ikaonekana imechanika, haijathibitishwa bado kwamba maumivu yanatoka hapo. Huenda mchaniko huo ulikuwepo miaka kumi kabla ya maumivu.

Hata wazo la Neer limetikisika. Ikiwa tatizo ni mfupa unaobana, kuupunguza mfupa huo kwa upasuaji kungepaswa kuleta nafuu kuliko upasuaji wa kuigiza. Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili, moja ya Uingereza na moja ya Ufini, ambamo baadhi ya wagonjwa walipunguzwa mfupa na wengine waliingiziwa kamera tu bila kupunguzwa kitu. Nafuu ya makundi hayo mawili haikutofautiana kwa kiasi cha maana. Hapo kipimo kilichobuniwa kutambua kubanwa huku hubaki kinaning'inia: kinatambua nini?

HESABU YA BENCHI MBILI

Hata kama tarakimu za unyeti na umahususi zingekuwa sahihi, bado hazijibu swali la mgonjwa. Mgonjwa haulizi kipimo kinawakamata wangapi kati ya mia. Anauliza: mimi niliyepata jibu la ndiyo, je, ninao ugonjwa? Jibu la swali hilo hutegemea benchi alilokalia.

Chukulia mfano wa kubuni. Kwenye kliniki ya mabingwa, ambako wagonjwa wamekwisha chujwa na vituo vingine, watu 600 kati ya 1,000 wenye maumivu ya bega wana kasoro inayotafutwa. Kipimo cha Hawkins na Kennedy, kwa unyeti wa asilimia 80, kitawapa jibu la ndiyo 480 kati yao na kuwakosa 120. Kati ya 400 wasio na kasoro hiyo, kwa umahususi wa asilimia 56, kitawaachia 224 na kuwapa 176 jibu la ndiyo ambalo si la kweli. Waliopata ndiyo ni 656 kwa jumla, na wenye kasoro kweli kati yao ni 480, yaani asilimia 73.

Sasa kipimo hicho hicho, kwa mikono ile ile, kipelekwe kwenye kituo cha afya cha mashambani ambako kati ya watu 1,000 wenye maumivu ni 200 tu wenye kasoro hiyo. Wengine wamechoshwa na mizigo, au wana maumivu ya shingo yaliyoshuka begani. Kitawakamata 160 na kuwakosa 40. Kati ya 800 wasio nayo kitawaachia 448 na kuwashika 352. Waliopata ndiyo ni 512, na wenye kasoro kweli ni 160. Hiyo ni asilimia 31. Jibu la ndiyo ambalo mjini lilikuwa na uzito wa karibu watatu kwa mmoja, mashambani limekuwa mara nyingi zaidi si kweli.

Tafiti nyingi za vipimo vya bega zilifanywa kwenye benchi la kwanza, nazo husomwa na matabibu wa benchi la pili. Hapo ndipo hatari ilipo kwa mtu wa Kibiti. Tarakimu haziwezi kusafirishwa kama sukari, zikafika zikiwa na uzito ule ule.

Hata hivyo hesabu hiyo ina upande wa pili ambao mara nyingi husahauliwa. Kati ya watu 488 waliopata jibu la hapana mashambani, wenye kasoro ni 40 tu, yaani asilimia 8. Hivyo kipimo dhaifu cha kuthibitisha huweza kuwa na manufaa ya kuondolea shaka, pale ambapo ugonjwa wenyewe si mwingi.

KIPIMO CHA KUCHELEWA

Vipo vipimo vyenye uzito zaidi, navyo vina sifa moja ya pamoja: haviulizi kama panauma, bali hutazama kama mkono unaweza kufanya kazi. Katika kipimo kimoja cha namna hiyo, tabibu hukunja kiwiko cha mgonjwa, huuzungusha mkono kwa nje kadiri uwezavyo, kisha humwambia mgonjwa auzuie pale pale na kumwachia. Mwenye kano nzima huuzuia. Mwenye kano iliyokatika hushindwa, na mkono hurudi ndani wenyewe kama mlango usio na komeo. Maumivu hutegemea mtu na siku, na mikono ya matabibu wawili haikubaliani kila mara juu yake. Mkono ulioanguka huonekana na kila aliye chumbani.

Mwaka 2013 Job Hermans na wenzake walichunguza tafiti 28 za vipimo vya kofia ya kano na kuona kwamba 5 tu zilikuwa na ubora wa kutegemewa. Kwa kipimo kilichoelezwa hapo juu walipata kizidisho cha 7.2 kwa kano iliyokatika kabisa. Kizidisho ni tarakimu inayozidishwa kwenye uwiano wa ndiyo kwa hapana uliokuwepo kabla ya kupima. Ikiwa kabla ya kipimo uwezekano ulikuwa asilimia 20, uwiano ni 1 kwa 4. Ukizidishwa kwa 7.2 unakuwa 7.2 kwa 4, yaani asilimia 64. Hayo ni mabadiliko makubwa kwa kitendo kisichogharimu hata shilingi.

Lakini watafiti hao walitaja pia mipaka ya shaka yao: kizidisho halisi chaweza kuwa chochote kati ya 1.7 na 31. Mwanafunzi arudie hesabu kwa tarakimu hizo mbili. Kwa 1.7 uwezekano unapanda kutoka asilimia 20 hadi 30 tu. Kwa 31 unafika karibu asilimia 89. Kati ya majibu hayo mawili pana nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi. Mapitio mengine makubwa yaliyotolewa mwaka huo huo wa 2013 na shirika la Cochrane, yaliyokusanya tafiti 33 na mabega 4,002, yalifikia uamuzi kwamba ushahidi haukutosha kumwelekeza tabibu achague kipimo kipi.

BEGA LISILO NA KOSA

Katika kuyatafakari haya yote, lipo kosa moja lililo kubwa kuliko kuchagua kipimo kibaya, nalo ni kulipima bega wakati ugonjwa hauko begani.

Neva inayoendesha kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hutoka shingoni, kwenye mizizi ile ile inayopeleka hisia kwenye ngozi ya juu ya bega. Kitu kinachosumbua kiwambo kutoka chini huweza kwa hiyo kusikika begani, kwa sababu ubongo hauwezi kutofautisha habari mbili ziletwazo kwa njia moja. Mwanamke ambaye mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi na mrija ukapasuka huvuja damu tumboni. Damu ikifika chini ya kiwambo, hasa alalapo, huja maumivu makali kwenye ncha ya bega. Vipimo vya mkono vyaweza vyote kuwa salama. Swali la kumwokoa ni kuhusu tarehe za hedhi, maumivu ya tumbo na kizunguzungu, wala si kuhusu nyuzi za pembe. Moyo nao, unapokosa damu, huweza kutuma maumivu kwenye bega na mkono wa kushoto.

Upo pia ugonjwa wa selimundu, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wazaliwao nao. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu huweza kukosa damu na kuanza kufa hata katika umri mdogo. Na kwa mwenye kisukari, bega huweza kukakamaa lote: si mgonjwa tu asiyeweza kuuzungusha mkono kwa nje, hata tabibu akiuzungusha haukubali. Alama hiyo ya mwisho ni rahisi, na ni ya thamani kuliko majina mengi ya vitabuni, kwa kuwa hutenga bega lililokakamaa au kiungo kilicholika na matatizo ya kano.

NINI KINABADILIKA BAADA YA JIBU

Kipimo ambacho jibu lake halibadilishi hatua itakayofuata ni kazi bure, hata kiwe sahihi namna gani. Maumivu mengi ya kofia ya kano, yasiyotokana na kuanguka, hutibiwa kwa njia moja: kupunguza mzigo kwa muda, kuendelea kuutumia mkono, na mazoezi ya kuimarisha. Utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 708, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kikao kimoja cha maelekezo mazuri kilifaa sawa na vikao kadhaa vya mazoezi ya kusimamiwa. Kwa mtu wa delta hiyo ni habari kubwa kuliko ugunduzi wa kipimo kipya, maana kikao kimoja chaweza kufanyika Mbwera. Kumwambia mpiga kafi apumzike miezi mitatu si maelekezo mazuri. Kumwonyesha jinsi ya kubadilisha upande, kupunguza uzito wa mzigo na kuuinua mkono kidogo kidogo kila siku ni maelekezo yanayofuatika.

Wanaohitaji safari ni wachache, nao hutambulika kwa maelezo yao kuliko kwa vipimo: aliyeanguka au bega likateguka na tangu siku hiyo hawezi kuuinua mkono, hasa akiwa amepita miaka 40, mwenye homa, kukonda au uvimbe, na yule ambaye mkono wake, kama ilivyoelezwa, huanguka ukiachiwa. Kwa hao, picha ya ultrasaundi iliyosomwa na mtu mwenye ujuzi huweza kuonyesha kano iliyokatika kabisa, na gharama yake ni ndogo kuliko ya picha za sumaku.

ZOEZI

Kipimo fulani cha bega kina unyeti wa asilimia 70 na umahususi wa asilimia 90. Kimetumiwa kwa watu 500 kwenye kituo cha afya ambako asilimia 10 ya wenye maumivu wana kano iliyokatika, na kwa watu wengine 500 kwenye hospitali ya mabingwa ambako wenye kano iliyokatika ni asilimia 50. Andika jedwali la kila mahali, na uonyeshe kwamba kati ya waliopata jibu la ndiyo, wenye kano iliyokatika kweli ni takriban asilimia 44 mahali pa kwanza na 87.5 mahali pa pili. Kisha tafuta ni wangapi kituoni wangesafirishwa bure iwapo kila aliyepata jibu la ndiyo angepewa rufaa, na ni wangapi wenye kano iliyokatika wangebaki nyumbani.